Choya, maua ya maboga na karafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maua tunayokula

Mvua za Dodoma zikishakatika na magunia ya choya yakaanza kushushwa Soko la Majengo, maswali huwa yaleyale kila mwaka. Mtu anauliza huku napima kilo yake, mwingine anapiga simu usiku, mwingine ananishika mkono tukitoka kanisani. Nimeyakusanya hapa ili nami nipate kupumua. Mimi ni msindikaji wa choya na mboga za kukausha, si daktari. Penye mambo ya ugonjwa nitakwambia kinachojulikana, kisha nitakuelekeza kwa mwenye kazi yake.

## Mambo ya msingi

1. Maua gani yanalika huku kwetu?

Mengi kuliko tunavyodhani, ila tumezoea kuyaita mboga, kiungo au kinywaji, kwa hiyo hatuyahesabu kama maua. Choya (wengine huiita rozela) ndiyo maarufu zaidi. Maua ya maboga huchumwa pamoja na msusa (majani ya maboga). Maua ya mlonge yanapikika. Petali za alizeti zinalika, japo zina uchungu. Karafuu iliyo kwenye pilau yako nayo ni ua, hata kama imetoka Pemba (swali la 12).

2. Antioksidanti ni nini hasa? Ndizo zile "viondoa sumu"?

Kata parachichi uliache mezani: baada ya muda linageuka kahawia. Weka unga wa karanga kwenye kopo la wazi wiki kadhaa: unachacha. Kazi zote mbili ni za oksijeni. Ndani ya mwili nako, seli zikitumia chakula kupata nguvu hujitokeza vipande vya kemikali visivyotulia, vinaitwa radikali huru. Vinanyang'anya elektroni kutoka kwa mafuta, protini na hata vinasaba vilivyo karibu. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa elektroni yake ili vurugu hiyo iishie hapo. Ukikamulia ndimu kwenye lile parachichi, vitamini C na ukali wa ndimu huchelewesha ukahawia. Unakuwa umeiona kazi hiyo kwa macho.

Jina "viondoa sumu" silipendi, ingawa limeshazoeleka. Linampa mtu picha ya ufagio unaopita tumboni. Sumu mwilini huondolewa na ini na figo, na hakuna ua linalofanya kazi hiyo kwa niaba yao. Tena antioksidanti nyingi za mimea hufyonzwa kidogo tu. Wanasayansi siku hizi wanaona faida yake huenda inatokana zaidi na jinsi zinavyogusa mishipa ya damu na bakteria wa utumbo kuliko huko kupambana na radikali moja kwa moja. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na jedwali lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti. Mwaka 2012 ililiondoa, kwa sababu alama za kwenye chupa ya maabara hazikuwa zinaeleza kinachotokea ndani ya mtu, na wafanyabiashara walikuwa wakizitumia kuuzia bidhaa.

3. Kwa hiyo choya ni ua au si ua?

Ua halisi la choya lina petali za rangi ya maziwa au njano iliyopauka, na katikati kuna doa la damu ya mzee. Linachanua siku moja, linanyauka. Sisi hatuli hilo. Tunachochuma ni sepali, yaani vile vijani vinene vyekundu vinavyolizunguka ua kwa chini, ambavyo petali zikishaanguka huendelea kunenepa na kukumbatia kitumba cha mbegu. Ni sehemu ya ua, kwa hiyo anayesema "chai ya maua" hajakosea sana. Majani yake nayo ni mboga, yana ugwadu wake mzuri.

4. Rangi ina maana yoyote, au ni urembo tu?

Ina maana kubwa. Wekundu na zambarau wa choya hutokana na anthosayanini, na ndugu zake ndio wanaotia rangi maganda ya zabibu nyeusi za Hombolo na Mpunguzi. Njano na rangi ya chungwa ya ua la boga ni karotenoidi, familia moja na rangi ya karoti na embe. Baadhi ya hizo, kama beta-karotini, mwili huzigeuza kuwa vitamini A.

Makundi haya mawili yana tabia tofauti kabisa jikoni, na ukilijua hilo umeshajibiwa nusu ya ukurasa huu. Anthosayanini huyeyuka kwenye maji, inapenda ukali na haipendi moto mrefu wala jua. Karotenoidi haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta, na moto wa wastani unaisaidia kutoka kwenye seli za mmea.

## Choya

5. Je, choya inaongeza damu?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu langu huwaudhi wateja: siyo kama unavyofikiri. Imani hii imejengwa juu ya rangi. Fanya jaribio dogo. Mimina juisi ya choya isiyo na sukari kwenye glasi mbili. Moja itie punje chache za magadi unayopikia mlenda, ukoroge. Utaiona inaacha wekundu, inapita zambarau, inaishia kwenye bluu au kijani cha ajabu. Ile nyingine ikamulie ndimu: inazidi kuwaka. Wekundu wa choya unafuata ukali wa maji na hauna uhusiano na damu.

Damu inahitaji madini ya chuma, foliki asidi na vitamini B12. Choya ina chuma kidogo, na glasi moja haitakufikisha popote. Ukali wake unaweza kusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani, lakini polifenoli zake (kundi la antioksidanti za mimea ambamo anthosayanini nayo imo) zinaweza pia kukikamata chuma hichohicho, kama chai ya rangi inavyofanya. Mwenye upungufu wa damu aende akapimwe. Hapa kwetu kuna malaria na minyoo pia, na choya haitibu hata kimoja. Kuna wazazi waliomnywesha mtoto juisi mwezi mzima huku macho yake yanazidi kupauka, ndiyo maana silizungumzii jambo hili kwa utani.

6. Inashusha presha?

Hapa choya ina ushahidi wa kuheshimika. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwachukua watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo, wengine wakinywa vikombe vitatu vya chai ya choya kila siku kwa wiki sita, wengine kinywaji kingine kilichofanana nayo. Kwa waliokunywa choya, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 7, na kwa wenzao pointi 1 hivi. Tafiti nyingine za aina hiyo zimeelekea upande huohuo.

Pointi 7 ni jambo jema kwa mwenye 135. Kwa mwenye 180 hazitoshi, na huyo asiache vidonge vyake kwa sababu ya choya. Kama tayari uko kwenye dawa, soma swali la 17 kabla hujaendelea.

7. Ninywe kiasi gani, na sukari je?

Vikombe vitatu kwa siku vya chai nyepesi ndiyo kadiri iliyotumika kwenye utafiti huo. Kikombe kimoja kinatosheka na kijiko kidogo cha choya kavu iliyopondwa.

Sukari ndiyo inayoharibu hesabu. Juisi nyingi za mitaani hutiwa sukari mpaka ule ugwadu unatoweka. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Gramu 25 ni vijiko vitano au sita vya chai, kwa siku nzima, pamoja na ile ya chai ya asubuhi. Chupa moja ya juisi tamu inaweza kuimaliza yote. Mimi hutia tangawizi, mdalasini na kipande cha nanasi lililoiva. Ulimi hulalamika siku tatu nne, kisha unanyamaza.

8. Nichemshe au niloweke?

Zote zinafaa. Kosa ni kuitokosa nusu saa. Mimi huchemsha maji, naepua, natia choya, nafunika dakika kumi, nachuja. Ukitaka rangi iliyo hai zaidi, iloweke kwenye maji baridi safi usiku kucha mahali pa baridi. Inachukua muda, lakini anthosayanini hazipigwi na moto.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza chombo: choya ni kali, nayo sufuria ya alumini hailiwezi jambo hilo. Usiilaze humo. Tumia chuma cha pua, chungu au kioo. Pili maji: maji mengi ya visima huku yana chumvichumvi, na ukiona juisi imetoka zambarau iliyofifia wakati choya ni ileile, tatizo ni maji. Kamulia ndimu, wekundu utarudi.

9. Kwa nini choya niliyokausha imegeuka kahawia?

Umeianika juani. Najua kwa sababu nilifanya hivyohivyo msimu wangu wa kwanza: nilitandaza choya juu ya bati la paa la banda, saa nane mchana, nikajisifu kwamba zitakauka kabla ya giza. Zilikauka kweli. Jioni zilikuwa zimejikunja na kuwa na rangi ya ngozi ya kiatu, na chai yake ilitoka kama maji ya kuoshea sufuria. Kilo kumi mbichi hutoa kavu kilo moja hivi, kwa hiyo unaweza kukadiria hasara.

Kausha kivulini penye upepo, juu ya chekeche au wavu ulioinuliwa, na funika kwa kitambaa chepesi, maana vumbi la Julai na Agosti halina adabu. Toa vitumba kwanza, vinashika maji. Imekauka vizuri pale inapovunjika ukiibinya. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa. Ile mifuko ya nailoni inayoning'inizwa nje ya kibanda juani ni ya kupendeza macho ya wateja tu, rangi inakwisha humo taratibu.

## Maboga, mlonge, alizeti na karafuu

10. Nikichuma maua ya maboga si nitakosa maboga?

Chuma ya dume. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu na halina kitu chini yake. Ua jike lina kiboga kidogo, kama kidole gumba, kimekaa chini ya petali. Jike liache. Dume nayo usiyamalize, nyuki wanahitaji chavua ya kupeleka kwa majike. Nenda alfajiri, kwa sababu yanafunguka kabla jua halijapanda na kufika adhuhuri yameshajifunga. Likung'ute ulitazame ndani, mara nyingi utakuta siafu au nyuki aliyelala.

11. Mbona unasisitiza karanga kwenye maua ya maboga?

Rudi swali la 4: karotenoidi zinataka mafuta ili zipite ukuta wa utumbo. Ukichemsha maua na msusa kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa ya ile njano inapita na kutoka. Bibi zetu waliotwanga karanga na kuzimimina kwenye mboga hawakusoma kemia, lakini walipatia. Huku tuna bahati ya pande zote mbili, karanga zetu wenyewe na mafuta ya alizeti ya Singida. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa sahani kinatosha.

Yapike dakika chache tu, yaingie mwishoni, msusa ukishaiva.

12. Karafuu kweli ni ua?

Ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, kisha likakaushwa. Itazame moja karibu: kile kichwa cha duara ni petali zilizojifunga, na vile vimeno vinne vinavyokishikilia ni sepali. Na kwa polifenoli hakuna anayeikaribia. Katika orodha ya vyakula 100 vyenye polifenoli nyingi iliyochapishwa mwaka 2010, karafuu ilikuwa ya kwanza, takriban gramu 15 katika kila gramu 100. Nyingi ni yujenoli, kile kinachotia ganzi ulimini na kunukia kwa daktari wa meno.

Lakini nani anakula gramu 100 za karafuu? Sufuria ya pilau inatiwa punje sita au kumi. Hivyo ndivyo namba za antioksidanti zinavyoweza kudanganya bila kusema uongo. Mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa yasinywewe kabisa, yanaweza kuumiza ini, na watoto wameshapata madhara makubwa.

13. Maua ya mlonge na ya alizeti?

Ya mlonge yapike, yakaange kidogo na kitunguu au yachanganye na mayai. Yana ladha inayokaribia uyoga. Usiguse mizizi yake, ina sumu. Kwa lishe, hata hivyo, majani ya mlonge ni bora kuliko maua.

Petali za alizeti zina lutini, karotenoidi inayopatikana pia ndani ya jicho. Ni chungu, basi zitumie kidogo kwenye kachumbari. Mwenye pumu au anayepiga chafya shamba la alizeti likichanua ajihadhari na chavua.

14. Ubuyu na asali havihesabiwi?

Ubuyu ni tunda, una vitamini C nyingi, na unastahili ukurasa wake. Ua la mbuyu lenyewe linafunguka jioni, linatembelewa na popo, na kesho yake liko chini. Asali hutokana na maua, na kwa kawaida iliyo nyeusi ina polifenoli nyingi kuliko nyeupe, lakini bado ni sukari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba.

## Tahadhari na mambo ya pembeni

15. Maua gani nisile kamwe?

Mnanaha: ua jeupe refu kama tarumbeta, unaota jalalani na mashambani baada ya mvua, tunda lake lina miiba. Mmea wote ni sumu, unachanganya akili na moyo. Oleanda ya kwenye nyua na kandokando ya barabara, yenye majani membamba kama mkuki na maua ya waridi au meupe, pamoja na ndugu yake mwenye maua ya njano kama kengele: zote zinaweza kusimamisha moyo. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Kanuni yangu haina ujanja: kama hujui jina lake na hujui mtu aliyelila, si chakula. Mbuzi kulila si ushahidi.

16. Waridi la dukani linafaa kwenye chai?

Hapana. Waridi lenyewe linalika, ila la mashada limepuliziwa dawa bila kufikiria kwamba kuna mtu atalitia mdomoni. Tahadhari hiyohiyo ni ya maboga yaliyopandwa kandokando ya shamba la zabibu. Wakulima wa zabibu hupulizia dhidi ya ukungu, na upepo wa Dodoma hauheshimu mpaka. Muulize jirani amepuliza lini.

17. Natumia dawa za presha au sukari. Niache choya?

Si lazima uache, ila mwambie anayekuandikia dawa. Choya na kidonge vinaweza kusukuma upande mmoja, presha au sukari ikashuka kupita kiasi, ukaona kizunguzungu unaposimama. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Wachache wanaotumia klorokwini kwa maradhi kama lupasi wajue kwamba utafiti wa Sudan ulionyesha kinywaji cha choya kinapunguza dawa hiyo kuingia kwenye damu.

Kwa dawa yoyote: imeze kwa maji. Choya isubiri saa mbili.

18. Mimi ni mjamzito.

Hongera, mama. Choya kama kinywaji cha kila siku iweke kando mpaka ujifungue, kwa sababu usalama wake kwa mimba haujathibitishwa na majaribio kwa wanyama yalileta wasiwasi. Usitumie kabisa ile ya kukolea inayouzwa kama dawa. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, na usivimeze kwa chai. Maua ya maboga na karanga kula hadi ushibe.

19. Si bora ninunue vidonge vya antioksidanti, niondokane na usumbufu?

Huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa makundi, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini kwa miaka. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18 hivi, kuliko ambao hawakupewa. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu ya aina hiyohiyo. Beta-karotini ya kwenye mboga haijawahi kuonyesha madhara hayo. Hela ya kopo la vidonge inanunua karanga na mboga za mwezi.

20. Na mvinyo wa choya?

Anthosayanini zimo, na pombe imo. Kunywa kama unapenda mvinyo. Usiniambie ni dawa.

21. Vile vitumba vya mbegu nivitupe?

Usivitupe. Mbegu zilizokomaa zinakaangwa na kuliwa kama njugu. Za kupanda usizitoe kwenye choya uliyochuma mbichi, maana hazijakomaa. Acha matawi mawili matatu shambani mpaka vitumba vikauke na kuanza kupasuka vyenyewe, zipukuchue, zitie kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, na andika mwaka kwenye kipande cha karatasi. Desemba mvua ikishalowesha ardhi vizuri, panda mbegu tatu tatu kwa shimo, kisha ng'oa zilizo dhaifu.